Nyumba ya Mjerumani, Sharafiya

Mashoga zangu, tangu nimetua Tanga simu yangu haijapumzika. Mishi anataka kujua kama ni kweli nilikula karamu ya watu kwa udanganyifu. Subira anauliza kama ukoo wetu una damu ya Kijerumani. Wengine mnataka tu kujua nini kilimliza Baba mkubwa Omari mbele za watu. Naandika yote mara moja, hatua kwa hatua, ili Jumamosi kwenye harusi mniache nile pilau yangu kwa utulivu. Habari za viza, ruhusa ya kazini na tiketi nimeziruka, kwa sababu hata mimi zilinichosha.

Kwanza niwakumbushe chanzo. Babu mzaa babu yangu, Bakari, aliondoka Tanga kwenda Hija mwaka ule ambao Vita vya Kwanza vilianza. Alimwacha mkewe, Bibi Mwanaidi, na mimba ya miezi mitano. Hakurudi. Kila mtu kwetu anajua kwamba alikufa shujaa huko Uarabuni. Ugomvi ni shujaa wa nani. Baba mkubwa Omari anasema alipigana upande wa Waturuki kumlinda Sultani dhidi ya Waingereza. Baba mdogo Rajabu anasema alipigana pamoja na Waarabu waliokuwa wakidai nchi yao kutoka kwa Waturuki. Chumba cha madrasa tulichojenga kwa jina lake kina ukuta mweupe hadi leo, kwa kuwa ndugu hawa wawili hawakubaliani maandishi gani yapakwe. Mwaka wa tisa huu hawaamkiani. Baba mkubwa alipopata kiharusi mwanzoni mwa mwaka, Baba mdogo alituma mkungu wa ndizi. Mwenyewe hakwenda.

Basi jirani yetu Bi Zaina akaenda Umra. Msikitini akaketi karibu na bibi mmoja wa Jeddah, akamwambia kwao ni Tanga, na yule bibi akamshika mkono hataki kumwachia. "Tanga! Jaddi! Jaddi!" Babu yangu, babu yangu. Akamwandikia anwani juu ya pakiti ya tishu. Bi Zaina, Mungu amhifadhi, akatumia tishu zote na pakiti akaitumbukiza kwenye mkoba pamoja na chupa ya maji ya zamzam. Kilichosomeka baadaye ni maneno mawili tu: Sharafiya, ambao ni mtaa wa Jeddah, na Bayt al-Almani. Nyumba ya Mjerumani.

Mimi nilikuwa Riyadh, nauguza wagonjwa. Nikaona kama sitakwenda mimi, wazee hawa watazikana bila kusemezana.

Shumaisi mpaka jangwani

Niliondoka chumbani kwangu, mtaa wa Shumaisi, baada ya sala ya alfajiri. Basi lilipangwa kuondoka saa kumi na mbili na likaondoka saa mbili, kwa sababu dereva na msimamizi wa kituo walikuwa wakibishana kuhusu jokofu la abiria mmoja, kama ni mzigo au ni abiria. Jokofu lilishinda. Lilipewa nafasi nyuma, likafungwa kamba, na mimi nikahamishwa.

Ndipo nikakaa na Violet. Violet Nekesa ni Mkenya wa Kakamega, mwaka wa sita huu anafanya kazi za nyumbani katika jumba moja la Al-Hamra, Jeddah. Madamu wake alikuwa amempeleka Riyadh miezi miwili amsaidie binti yake aliyejifungua, sasa anarudi. Aliponisikia nikimwambia dereva "shwaya shwaya", yaani polepole, kwa lafudhi ya Tanga, akageuka.

"Wewe ni wa Tanzania?"

"Ndiyo, wa Tanga."

"Nilijua tu. Hiyo Kiarabu unaongea polepole kama mtu anaogopa kuivunja. Unafanya kazi gani?"

Nikamwambia ni muuguzi. Kuanzia hapo jina langu likawa Sista, na kabla hatujatoka nje ya Riyadh nilikuwa nimeshapima shinikizo lake la damu kwa macho na kumshauri kuhusu kiuno.

Ni kweli, Kiarabu changu ni cha hospitali. Najua kuuliza unaumwa wapi, tangu lini, na umekula dawa? Nje ya hapo nakwama. Cha Violet ni cha jikoni: anaweza kugombana na muuza nyama na kumbembeleza mtoto, lakini siasa hajui neno hata moja. Tukakubaliana kwamba tukiunganisha, tunapata Mwarabu mmoja mgonjwa mwenye njaa.

Kituo cha mafuta, na karamu niliyoila

Mwendo wa saa tatu hivi, kiyoyozi kikafa. Dereva akaingiza basi kwenye kituo cha mafuta kilichokaa peke yake katikati ya mchanga, akasema "dakika kumi." Tulikaa saa mbili na nusu.

Miongoni mwa abiria alikuwemo mzee mmoja mrefu, mkavu, ndevu zimepakwa hina, wakimwita Abu Sattam. Kumbe watu wake wanakaa jirani na pale. Alipiga simu moja tu, na kabla ya adhuhuri mpwa wake akafika na gari aina ya pikapu, nyuma kuna sinia la kabsa lenye upana wa tairi, mbuzi mzima juu ya wali. Wakatandika zulia kivulini mwa basi. Wanaume upande mmoja, na sisi wanawake tukapewa sinia letu dogo upande wa pili.

Abu Sattam akaniuliza kwa adabu, toka mbali, ninatoka wapi na Jeddah nafuata nini. Nikajikaza. Nilitaka kusema kwamba babu yangu alikuwa mtu wa vita. Vita kwa Kiarabu ni harb, hilo nilijua kwa sababu ya taarifa za habari. Nikasema, "Jaddi, rajul min harb."

Mzee akaacha kula. "Min Harb?"

"Min harb," nikasema kwa fahari, mkono kifuani.

Mashoga, sijawahi kupokewa hivyo maishani. Mzee akainuka, akamwita mpwa, mpwa akaita wengine kwa simu. Paja la mbuzi likavuka kutoka sinia la wanaume likaja kwangu. Tende zikaja, kahawa ikaja, bibi mmoja akatolewa ndani ya gari aje kunibusu mashavu. Akaniuliza kitu kirefu chenye majina mengi, nikaitikia kwa kichwa. Akafurahi zaidi. Mimi nikawaza moyoni, jamani, watu hawa wanaheshimu historia.

Violet alikuwa anatafuna na mabega yanamtikisika.

"Sista," akanong'ona, "unajua umesema nini?"

"Nimesema babu alikuwa vitani."

"Zii. Harb ni kabila. Kabila kubwa sana huku. Umewaambia babu yako ni wao. Huyo mama anakuuliza nyinyi ni wa mlango gani, na wewe umekubali milango yote."

Nikarudisha paja kwenye sinia. "Mbona hukuniambia mapema?"

"Nyama ilikuwa bado inakuja."

Nakiri, nilimaliza paja kwanza. Kisha kiyoyozi kilipopona na tukarudi ndani, dhamiri ikanishika, nikamwomba Violet amweleze mzee. Alieleza kwa mikono yote miwili: babu, vita, bum bum, si kabila, samahani. Abu Sattam alisikiliza uso umekunjamana. Halafu akacheka mpaka akavua miwani.

Akasema kitu kirefu, na Violet akanifasiria, "Ati hata wao nyumbani wanasema babu yake alipigana na Waturuki, alivunja reli. Lakini yeye alimuuliza babu mwenyewe kabla hajakufa. Babu akasema siku hiyo alikuwa anatafuta ngamia wake amepotea."

Mzee akaongeza neno moja, akanyoosha kidole kwangu.

"Anasema ushakula, basi wewe ni Harb. Usimkatalie."

Sikumkatalia. Tulipopita nyanda za Taif na kuanza kushuka, jua likiwa limeegemea upande wa bahari, tulifika pale barabara inapogawanyika, Waislamu kwenda Makka na wengine kuzunguka. Basi letu lilikuwa la Jeddah moja kwa moja, likachukua ya kuzunguka. Violet akanyoosha miguu. "Hii ni barabara yetu Wakristo," akasema. "Karibu, Sista. Unaona haina foleni?"

Tuliagana kituoni usiku. Dereva wa madamu wake alikuja kumchukua, nami nikaenda kwa Hadija, binti wa Pangani ninayemfahamu, anayekaa Sharafiya. Kabla hajaingia garini Violet alinipa namba yake. "Ijumaa niko ofu mchana. Ukimpata huyo bibi, usiende peke yako na hiyo Kiarabu yako. Utaozeshwa."

Sharafiya: kumtafuta Mjerumani

Sharafiya inaweza kukupa chochote isipokuwa ulichokijia. Maduka ya simu yamepangana na maduka ya kutuma pesa nyumbani, migahawa ya Wahindi, Wafilipino, Wahabeshi, na juu ya kila mlango vibao vinne vinavyogombea ukuta mmoja. Asubuhi ya Alhamisi nilikula ful, yale maharage yao ya kuponda, na mkate wa tamis, nikaanza kuuliza. "Bayt al-Almani?"

Mtu wa kwanza, kijana wa duka la simu, alinionyesha kwa uhakika mtaa wa pili kushoto. Nikafika. Lilikuwa duka la vipuri vya mashine za kufulia zilizotengenezwa Ujerumani. Mwenye duka, Myemeni mnene mwenye kikoi, akaniuliza mashine yangu ina tatizo gani.

Nikasema natafuta mtu.

Akasema hata yeye anatafuta, fundi wake amekimbia.

Nikasema, mtu mzee.

Akasema mashine za zamani ndizo bora, niilete tu.

Nikatoa Kiarabu changu chote. "Bibi. Mzee. Babu yake mgonjwa," nikasema, kwa sababu neno la kufa lilinipotea. "Babu amekuwa mgonjwa miaka mia."

Myemeni aliniangalia kwa huruma kubwa, akaniletea kiti. Akamwita mke wa jirani, mke wa jirani akamwita mwanawe, mwanawe akanipa maji. Ilichukua chai tatu. Hatimaye mzee mmoja aliyekuja kununua mpira wa mashine alisikia neno Tanga katika maelezo yangu, akajipiga kofi pajani.

"Aah! Unamtaka Mwalimu Nafisa! Mjukuu wa Almani!"

Alinipeleka mpaka mlangoni, nyumba ya ghorofa tatu nyuma ya msikiti, na njiani akanieleza kwamba babu wa Mwalimu Nafisa alikuwa Mjerumani, tena Mjerumani mweusi, na kwamba inasemekana huko Ujerumani wapo wa namna hiyo wengi.

Mlango ulifunguliwa na bibi mfupi, mweusi kama mimi, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Nikasema, "Tanga."

Alinishika masikio yote mawili kama anayechagua nazi, akanigeuza uso kulia, akanigeuza kushoto, akaanza kulia. Kisha akasema neno la Kiswahili, la pekee alilokuwa nalo.

"Maandazi."

Ijumaa kwa Shangazi Nafisa

Ijumaa baada ya sala nilirudi na Violet. Madamu alikuwa amempa ruhusa. Alimwambia anamsindikiza muuguzi kwa bibi mwenye umri wa miaka themanini na tatu, na katika hilo hakukuwa na uongo hata kidogo.

Shangazi Nafisa, maana kwa hesabu za ukoo yeye na marehemu baba yangu ni watoto wa ndugu wawili wa baba mmoja, alikuwa amefundisha shule ya wasichana mpaka alipostaafu. Alitupokea na sahani ya maandazi yenye iliki, ya pembe tatu, yaleyale ya kwetu. Alisema kwao hukaangwa kila Ijumaa na hakuna anayejua kwa nini, ni desturi ya babu. Kisha akaanza kusimulia, na Violet akafasiri.

"Anasema babu alikuja Hija. Vita ikaanza. Meli zikakatazwa. Akakaa hapa Jeddah, akaanza kupika maandazi kule mji wa zamani. Wateja wake walikuwa Waturuki, wale masoja."

Nikaandika. Baba mkubwa Omari, alama moja.

"Halafu Waarabu wakachoka na Waturuki, Sharifu wa Makka akasema kila mtu na nchi yake. Waingereza wakaja na meli kumsaidia, wakapiga mzinga wa futari."

"Mzinga wa nini?"

"Wa futari. Madfa. Ule unalia Ramadhani watu wafungue."

"Violet, huo ni mzinga wa kweli. Walishambulia mji."

Violet akamwuliza Shangazi tena, na safari hii hakucheka. "Ni kweli. Anasema watu walikufa. Babu aliingia kwenye tangi la maji chini ya nyumba, akakaa humo siku mbili na unga wake kichwani, usilowe."

Ukweli ulianza kunijia taratibu, nami sikuutaka. Shangazi akaendelea. Waturuki walipojisalimisha, babu alitoka tangini akawakaangia watu wa Sharifu. Mabaharia wa Kiingereza waliposhuka, akawakaangia na wao. Nyuma ya mlango alikuwa na bendera tatu, na kila asubuhi alichungulia kwanza barabarani ndipo achague ya kutundika.

"Na hili jina la Mjerumani?" nikauliza.

Shangazi aliinua kidole, akafurahi kama mwalimu aliyeulizwa swali zuri. Babu alikwenda kwa Waingereza kuomba meli ya kurudi. Karani akamwuliza kwao wapi. Tanga. Tanga ni ya nani? Wakati ule Tanga ilikuwa ya Mjerumani. Karani akaandika: Mjerumani. Adui. Asipande meli. Babu akabisha, akavua kofia, akaonyesha nywele zake, akaonyesha ngozi yake. Karani akamjibu kwamba karatasi haina mahali pa kuandika ngozi.

Violet alifasiri hilo, akaweka andazi chini. "Yaani ikama yake, ile karatasi ya kukaa, ilikuwa ya Mjerumani," akasema. "Watu na makaratasi, hata zamani."

Ndipo Shangazi akaleta sanduku la biskuti la bati, na ndani yake barua.

Ilikuwa imekunjwa mara nne, imepigwa mihuri mitatu, na mmoja wa mihuri hiyo ulikuwa wa Kiingereza. Iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zenye irabu zote. Shangazi alieleza kwamba wao nyumbani wanaisoma tangu watoto, kila herufi, lakini si Kiarabu na hawajui inasema nini. Mimi nikaangalia: mwandiko umepinda, wino umefifia, siwezi. Msahafu nausoma, lakini mwandiko ule ulinishinda.

Tukatazamana. Violet ndiye aliyesema, "Si yeye asome, wewe usikie?"

Nikawasha kinasa sauti cha simu. Shangazi Nafisa akavaa miwani, akakaa wima kama yuko mbele ya darasa, akasoma.

"Buli mki wangu Mwanaidi."

Nywele zilinisimama. Herufi za Kiarabu hazina pe, wala e, wala o, kwa hiyo Kiswahili chake kilitoka kimebanwa. Lakini nilikisikia. Pole mke wangu Mwanaidi. Sauti ya mwanamke wa Jeddah, asiyejua anachosema, ilikuwa inampa pole bibi yetu.

"Mimi sikubigana na mtu," akaendelea. Sikupigana na mtu. "Wakikuuliza watu sima nakaanga maandazi." Alisema Waturuki walimwuliza kama ni mtu wa Mwingereza, na Mwingereza akamwuliza kama ni mtu wa Mjerumani, naye aliwajibu wote kwamba ni mtu wa Chumbageni, wakacheka kwa sababu hakuna aliyepajua.

Nilikuwa nacheka na kufuta machozi aliposoma, kwa sauti ileile ya darasani: "Ikibita miaka miwili hukuniuna, uliwa na mtu mwima."

Nikaruka. "Nini?"

"Uliwa na mtu mwima," Shangazi akarudia, kwa upole.

Uliwa! Babu anamwambia mkewe mjamzito auawe, tena na mtu mwema! Violet akanishika mkono akidhani nimezidiwa. Ikanichukua muda kukumbuka kwamba o husomeka u. Olewa. Ikipita miaka miwili hukuniona, olewa na mtu mwema. Na mstari uliofuata: ila asiwe Musa fundi cherehani.

Nilicheka kwa nguvu, halafu kicheko kikanikatikia. Sote kwetu tunajua kwamba Bibi Mwanaidi alichumbiwa mara mbili, na Musa fundi cherehani, na karani mmoja wa forodha, na wote aliwakataa. Alisema yeye ni mke wa mtu. Alisubiri zaidi ya miaka arobaini, akafa anasubiri. Ruhusa yake ilikuwa imekaa ndani ya sanduku la biskuti Sharafiya.

"Kwa nini haikufika?" nikamwambia Violet aulize.

Barua ilifika Aden, ikakaa huko mpaka vita vikaisha, kwa kuwa ilikuwa inakwenda nchi ya adui. Kisha ikarudishwa kwa mwenyewe.

"Na alipoipata, kwa nini hakuituma tena? Vita si vilikuwa vimeisha?"

Violet aliuliza kwa sauti ya chini. Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shela yake kwa muda mrefu.

"Anasema wakati huo alikuwa ameshaoa hapa. Mke huyo, mama wa baba yake yeye, alikuwa mjamzito. Anasema babu alikuwa anaitoa, anaisoma, anairudisha. Mpaka akafa."

Nilikasirika, sitawaficha. Falme tatu ziliizuia barua ile mpaka vita vikaisha. Miaka mingine yote aliizuia yeye. Nilitaka kulisema hilo, lakini mbele yangu alikuwa bibi wa miaka themanini na tatu, uso wake ni wa marehemu baba, anasubiri nimwambie babu yake aliandika nini. Hakuwahi kujua. Basi nikamwambia, neno kwa neno, na Violet akamtafutia maneno ya jikoni na ya malezi. Kwenye olewa, Shangazi alifunika mdomo. Kwenye Musa fundi cherehani alicheka, kisha akaniuliza Mwanaidi alikuwa mwanamke wa namna gani. Tulikaa hapo mpaka alasiri. Barua alibaki nayo yeye. Mimi niliondoka na sauti yake na maandazi kumi na manne, ambayo yalifika Riyadh manane, kwa kuwa basi la kurudi nalo liliharibika.

Tanga

Nilipofika likizo, nilimpigia simu kila mzee peke yake. Nikamwambia: ninao ushahidi, babu mwenyewe kasema, lakini nitakusikilizisha mara moja tu na mbele ya ndugu yako. Kila mmoja alijua kwa uhakika kwamba mwenzake ndiye atakayeumbuka. Baba mdogo Rajabu alifika kwa Baba mkubwa saa tisa alasiri, amevaa kanzu ya Idi. Alipomwona kaka yake amekaa kitini, mkono mmoja umelegea mapajani, alisimama mlangoni kidogo. Kisha akaketi, mbali.

Nikabonyeza simu. "Buli mki wangu Mwanaidi."

Wazee wale walisoma madrasa za zamani, hawakuhitaji mfasiri. Waliposikia sikubigana na mtu, hawakutazamana. Nilipowaongezea aliyonisimulia Shangazi, tangi la maji, bendera tatu na muhuri wa Kiingereza, Baba mdogo alikohoa. Lakini sauti ilipofika kwenye kuolewa, Baba mkubwa Omari aliinamisha kichwa. Ndiye aliyelelewa na Bibi Mwanaidi, alikuwa akilala naye kitanda kimoja. Alianza kulia kwa sauti, upande mmoja wa uso tu, ule usiopooza, mbele yangu, mbele ya wakeze, mbele ya jirani Bi Zaina aliyekuja bila kualikwa. Baba mdogo Rajabu aliinuka, akaburuta kiti chake hadi kando ya kaka yake, akamfuta shavu kwa leso.

Nikajiona nimemaliza kazi. Nikaanza kukusanya vikombe.

"Omari," Baba mdogo akasema baada ya muda. "Barua hii si ilipita mikononi mwa Waingereza?"

"Ilipita. Ina muhuri wao."

"Basi babu angewezaje kuandika kwamba anapigana? Si wangemnyonga?"

Baba mkubwa akainua kichwa. Macho yake bado yalikuwa na maji, lakini nyuma ya maji yale niliona kitu kinawaka.

"Kwa hiyo maandazi..."

"Maandazi ni kisingizio! Mtu anayewalisha askari wa pande zote, anaingia kambi zote, anasikia kila kitu."

"Bendera tatu!" Baba mkubwa akajipiga gotini kwa mkono mzima. "Rajabu, babu yetu alikuwa jasusi!"

Wakashikana mikono. Miaka tisa, na sasa wanashikana mikono kama watoto waliookota kitu barabarani. Baba mkubwa akaagiza kahawa, akasema rangi ya ukuta wa madrasa inunuliwe kesho asubuhi. Baba mdogo akasema yeye ndiye atakayepaka, kwa kuwa mkono wa kaka hauwezi. Nilifungua mdomo niseme kitu kuhusu tangi la maji, nikaona jinsi walivyoegemeana, nikaufunga.

Nikavaa viatu upesi, nikaaga, nikatoka nje kabla hawajafika kuulizana alikuwa jasusi wa nani.